Jani, Kitambaa na Taa: Juu ya Kusawazisha Weupe katika Picha za Kufundishia

Mara nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha tumewasikia walimu wanafunzi wakisema kwamba picha haidanganyi. Ukilichora jani ubaoni, husema, huenda ukalikosea; lakini ukilipiga picha, ukaichapisha na kuitundika ukutani, darasa zima litaliona jani lenyewe kama lilivyokuwa shambani. Sisi nasi tuliyasema maneno hayo kwa miaka mingi, tena mbele ya madarasa ya chuo, na wapo walimu kadha wa kadha walioko kazini leo ambao waliyaandika katika madaftari yao kwa sababu sisi tuliwasomea imla. Makala haya kwa sehemu ni ya kuwataka radhi walimu hao. Kwa sehemu nyingine ni ya kueleza kazi moja ndogo ya kompyuta, iitwayo kusawazisha weupe, ambayo lau tungaliijua mapema tusingalimwonea mtoto.

Ilikuwa mwaka 2019, jioni ya Jumamosi. Jumatatu iliyofuata walimu wanafunzi wetu walitakiwa kuingia katika shule za jirani. Mmoja wao alikuwa amepangiwa somo la sayansi, darasa la tano, juu ya chakula ambacho mmea hukipata udongoni. Tulimwahidi kielelezo. Tukaenda katika shamba la chuo, tukachuma majani matatu ya mahindi: la kwanza lilikuwa zima kabisa, la pili lilitoka katika mmea uliokosa nitrojeni, la tatu katika mmea uliokosa potasiamu. Tuliporudi jua lilikuwa limekwisha kutua. Tukayalaza majani yale juu ya kitambaa cheupe cha meza, katika chumba cha kuhifadhia zana, chini ya balbu moja ya waya ya aina ya zamani, tukayapiga picha. Kamera ya chuo ilikuwa imetumika asubuhi ile uwanjani kwenye mchezo wa mpira, na aliyeitumia alikuwa ameiweka kwenye alama ya jua. Hatukuitazama alama hiyo. Tulichapisha nakala tatu kubwa, tukaandika namba 1, 2 na 3 chini ya majani bila maelezo mengine, ili wanafunzi wajibu wenyewe. Na orodha ya majani tukaiweka katika daftari letu, ambalo Jumatatu lilibaki chuoni.

Darasani tulikaa nyuma, fomu ya tathmini mkononi. Mwalimu mwanafunzi alifundisha vizuri. Sauti yake ilisikika, ubao wake ulikuwa safi, na maswali aliyagawa sawasawa kwa wavulana na wasichana. Alipofika kwenye picha aliwaambia watoto kwamba jani lililokosa nitrojeni hupoteza ukijani wake na kuwa la manjano, kisha akawataka waandike hali ya jani la kwanza. Karibu darasa lote liliandika kwamba jani lile lina njaa ya nitrojeni. Mvulana mmoja wa dawati la pili aliandika kwamba ni zima. Alipoulizwa sababu alisimama akasema, "Mwalimu, hata kitambaa kina njano. Kama jani linaumwa, basi na kitambaa kinaumwa."

Darasa likacheka. Mwalimu mwanafunzi akatutupia jicho sisi tuliokuwa nyuma. Nasi tukaitazama picha, tukaona jani la manjano, tukamwitikia kwa kichwa. Mtoto akaketi. Katika daftari lake aliwekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Katika fomu yetu tuliandika kwamba mwalimu huyu anamudu somo lake, ila ajifunze kuwadhibiti watoto wenye mzaha.

Usiku ule tulilifungua daftari. Jani la kwanza: zima.

Twataka sasa kueleza kilichotupata, maana kilitupata sisi watu wazima watatu au wanne tulioishughulikia picha ile, na kikamkosa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Nuru haina rangi moja. Mhunzi anajua jambo hili kuliko mpiga picha: chuma kikiingia motoni huwa chekundu kwanza, kikizidi joto huwa cha rangi ya chungwa, kisha manjano, na mwisho huelekea weupe. Wataalamu wa nuru walichukua mfano huohuo wakapima rangi ya taa kwa joto, kwa kipimo cha kelvini, ambacho jina lake limetokana na Lord Kelvin, aliyependekeza kipimo chake cha joto mwaka 1848. Nuru ya mshumaa ni karibu kelvini 1,900. Balbu ya waya ni baina ya 2,700 na 3,000. Jua la adhuhuri ni karibu 5,500. Na kivulini, mahali ambapo jua lenyewe halifiki bali anga la buluu peke yake ndilo linalomulika, hesabu hupanda hadi 7,000 na zaidi. Kadiri hesabu inavyopanda nuru huwa ya kibuluu, na kadiri inavyoshuka huwa ya kimanjano na ya kimoto. Mwalimu ataona kwamba mpangilio huu ni kinyume cha mazungumzo ya kawaida, ambamo tunaiita rangi ya moto kuwa ya joto na rangi ya maji kuwa ya baridi. Lakini mhunzi yuko upande wa wataalamu.

Kwa nini basi hatuyaoni mabadiliko haya tunapotoka uwanjani na kuingia chumbani? Kwa sababu jicho hujirekebisha. Ndani ya jicho zimo chembe za aina tatu zinazopokea rangi, na nuru yenye manjano mengi ikituzunguka, zile zilizochoshwa na nuru hiyo hupunguza ukali wao, na zile zinazopata kidogo huuongeza. Mwanasayansi wa Ujerumani, Johannes von Kries, alilieleza jambo hili mwaka 1902 akisema kwamba kila aina hujirekebisha peke yake, na fikra yake hiyo, ijapokuwa imeongezewa mengi, ndiyo iliyomo hadi leo katika programu za kurekebishia picha. Tulipokuwa katika chumba cha zana tulikiona kitambaa kuwa cheupe. Kilikuwa cheupe kweli. Lakini nuru iliyotoka kwake na kuingia katika kamera ilikuwa ya manjano. Macho yetu yalisamehe. Kamera, ikiwa imeambiwa kwamba nuru ni ya jua, haikusamehe kitu.

Wala kamera haikukosa. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa tumesikia walimu wakitupa lawama zote kwenye vyombo. Kamera hupima; hukumu huachiwa mtu, au huachiwa alama ambayo mtu ameiweka. Aliyeweka alama ya jua asubuhi alifanya sawa, kwani jua lilikuwapo.

Jambo hili twaweza kulionyesha kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu aliyemaliza uwiano wa shule ya msingi. Picha ya kompyuta ni madoa madogo mengi yaliyopangwa kama matofali, nayo huitwa pikseli. Kila pikseli imeandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu, kuanzia 0 hadi 255. Namba zote tatu zikiwa sawa, pikseli haina rangi: ni nyeusi, au kijivu, au nyeupe. Nyekundu na kijani zikikaribiana huku buluu ikiwa ndogo, jicho huona manjano. Tulipoifungua picha yetu katika kompyuta na kukigusa kitambaa cha meza, tulisoma 236, 196 na 132. Kitu tulichojua kuwa cheupe kilikuwa na nyekundu nyingi na buluu chache mno. Tulipoligusa jani la kwanza tulisoma 142, 150 na 46. Yaani nyekundu na kijani zilikuwa karibu sawa. Hayo ndiyo manjano tuliyoyaona kutoka nyuma ya darasa.

Sasa, maadamu kitambaa ni cheupe, namba zake zingalipaswa kulingana. Tuiache kijani ilivyo, 196. Ili nyekundu ishuke kutoka 236 hadi 196 tuizidishe kwa 0.83, ili buluu ipande kutoka 132 hadi 196 tuizidishe kwa 1.48. Na dawa iliyokiponya kitambaa tulipe jani vilevile, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa chini ya taa moja: 142 mara 0.83 ni kama 118. Kijani inabaki 150. 46 mara 1.48 ni 68. Kijani imewaacha wenzake nyuma, na jani limerudi kuwa la kijani. Kusawazisha weupe ni kuzidisha huku. Programu hukufanya kwa uangalifu zaidi, hasa ikipewa vipimo vya kamera kabla havijapikwa kuwa picha ya kawaida, kwa sababu namba za picha ya kawaida haziendi sambamba moja kwa moja na wingi wa nuru. Lakini mwalimu anayeielewa hesabu hii ya kitambaa ameielewa kazi yote.

Mvulana wa dawati la pili hakuwa na kompyuta. Alitafuta katika picha kitu ambacho alikijua rangi yake kabla ya kukiona, akakilinganisha na kitu ambacho hakukijua. Sisi tuliita mzaha.

Walimu wanaotaka kuifanya kazi hii hawana haja ya kununua programu ya bei kubwa. Ipo GIMP, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani, nayo hutolewa bure. Kwa wale ambao kamera zao huhifadhi vipimo vibichi, zipo darktable na RawTherapee, nazo ni za bure. Katika programu nyingi za namna hii mna alama ya mrija mdogo, kama ule wa kudondoshea dawa ya macho. Unauchukua mrija ule, unagusa nao mahali pasipo na rangi katika picha, na programu hufanya kuzidisha yenyewe. Tahadhari moja hapa: usiguse mahali palipong'aa kupita kiasi. Namba ikifika 255 haiwezi kupanda tena hata nuru ingezidi, hivyo weupe uliofurika hauna habari ya kutupa. Ni kama kibaba kilichojaa hata unga ukamwagika, ambacho hakiwezi kukueleza ni unga kiasi gani uliomiminwa. Kijivu cha wastani hufaa kuliko nyeupe inayometa.

Mna pia mistari miwili yenye kitufe cha kusogeza. Mmoja huenda kutoka buluu hadi manjano, na wa pili kutoka kijani hadi rangi ya waridi iliyokolea; huu wa pili ni wa taa kama zile za mirija, ambazo aghalabu hutia ukijani. Katika mstari wa kwanza walimu wanafunzi wetu hukwama kila mwaka. Wanaona kelvini zimeandikwa, wanakumbuka kwamba kelvini nyingi ni nuru ya buluu, wanapandisha namba, na picha inazidi kuwa ya manjano. Wanadhani programu imekosewa. Sababu ni kwamba programu inakuuliza taa iliyokuwapo ilikuwa ipi. Ukiiambia kwamba taa ilikuwa ya buluu mno, itakutilia manjano ili kuipoza. Ukiiambia kwamba ilikuwa balbu ya kelvini 2,800, itakutilia buluu. Tangu tulipoanza kulieleza hivyo, kama swali ambalo mashine inauliza na mtu aliyekuwapo anajibu, makosa yamepungua sana katika madarasa yetu.

Hapo mtu atasema: mbona kamera na simu za siku hizi husawazisha zenyewe? Husawazisha, na mara nyingi vizuri. Lakini njia mojawapo ya zamani inayotumiwa na mashine ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa pamoja hutoa kijivu. Katika picha ya sokoni, yenye kanga, ndizi, nyanya na watu, dhana hiyo haiko mbali na kweli. Ipige picha shamba la mahindi lililojaa fremu nzima: kijani ni kingi kuliko kitu kingine chochote, na mashine yenye dhana ile, ikidhani kwamba taa ndiyo ya kijani, hutia rangi ya waridi ili kukipunguza. Mahindi mazima yakageuka kuwa kama yamechoka. Mwalimu wa sayansi na kilimo, ambaye picha zake nyingi ni za majani au za udongo mwekundu, ndiye hasa anayeweza kuangushwa na dhana hii.

Tena kuna swali la nani aliyechaguliwa kuwa kipimo. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kuchapisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na fundi alirekebisha mitambo yake mpaka ngozi ya mwanamke yule ipendeze. Ngozi nyeusi zilitoka kama zilivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Walio na picha za darasa za miaka ya 1970, zile za rangi, wazitoe sandukuni waziangalie: nyuso za watoto waliokaa kivulini zimezama, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Na asije mtu akafikiri kwamba macho ya watu wote hukubaliana. Mnamo Februari 2015 picha ya gauni moja, iliyopigwa Uingereza, ilisambaa duniani kwa sababu watu waligawanyika: wengine waliliona la buluu na jeusi, wengine jeupe na la dhahabu, na kila upande uliona wenzao wamerukwa na akili. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na jeusi. Picha ile haikuwa na kitu dhahiri cha kuonyesha taa ilikuwa ya namna gani, kwa hiyo kila mtu alijikisia taa yake bila kujijua. Tuliwaonyesha walimu wanafunzi wetu picha hiyo mwaka jana. Wakabishana hata kengele ya chakula ikapita, jambo ambalo halijatokea katika vipindi vyetu vingine.

Lugha yetu ina la kusema katika mambo haya. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezipa majina kwa kuonyesha kitu: manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, kijani ni jani, na kijivu ni jivu. Mtu wa kale alipotaka kumweleza mwenzake rangi isiyo nyeupe wala nyeusi alimwonyesha mekoni. Tumeona kwamba watoto huielewa haraka kazi ya mrija wa dawa wakiambiwa, "Tafuteni katika picha kitu cha rangi ya jivu, kisichoegemea upande wowote." Jivu lenyewe si kipimo kamili, kwani hutegemea kuni zilizochomwa. Karatasi za kuandikia nazo nyingi hutiwa dawa ya kuzing'arisha ambayo huzipa ubuluu kidogo, na zikizeeka huwa za njano. Wapiga picha wenyewe hununua kadi ya kijivu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tumeishia kwenye chaki. Kipande cha chaki nyeupe kikiwekwa pembeni mwa picha, pasipong'aa sana, chatosha kwa kazi ya darasani. Na mwalimu hakosi chaki mfukoni, hata kama anakosa mengine yote. Tangu 2019 hatupigi picha ya kielelezo bila kipande hicho, na tunakiacha kionekane. Wenzetu wengine hukikata picha ikisharekebishwa wakisema kinaharibu sura yake. Tunaona wanakosea. Kikibaki, mtoto wa dawati la pili ana kitu cha kutukagulia nacho.

Kabla ya kompyuta, yafaa jambo lenyewe lionekane kwa macho. Twatumia karatasi angavu za peremende, za rangi ya manjano. Kila mtoto anaziba macho yote mawili kwa karatasi hizo na kutazama nje dirishani kwa dakika tatu hivi, akiwa anahesabu au anasikiliza hadithi. Mwanzoni kila kitu ni cha manjano. Baada ya muda manjano hufifia, na wengi husema kwamba karatasi imechuja. Kisha wanaziondoa ghafla, na kwa nukta chache ulimwengu unaegemea ubuluu. Hatujaona darasa lililonyamaza kwa dakika ile. Baada ya hapo ukiwaambia kwamba jicho lilikuwa likijirekebisha, wanakuamini, maana wamelikamata likifanya hivyo. Mwalimu aliye na simu aipige picha sahani moja nyeupe mara mbili kwa alama ileile ya jua, mara ya kwanza penye kivuli na mara ya pili usiku chini ya balbu, aziweke picha hizo sambamba. Maelezo marefu hayatahitajika.

Si kila picha ipasayo kusawazishwa hata kitambaa kiwe cheupe. Tunayo picha ya bibi mmoja akisimulia hadithi kando ya moto, wajukuu wamemzunguka; mwalimu mwanafunzi mmoja, kwa ari ya kazi aliyojifunza wiki ile, aliirekebisha mpaka kanga ya bibi ikawa nyeupe kama ya mchana. Usiku ukatoweka, na moto ukawa kitu kilichowekwa pale bila sababu. Picha ya hadithi iachiwe nuru yake, au ipunguzwe kidogo tu. Picha ambayo mtoto atatakiwa kutoa hukumu kwayo, kama jani, udongo, au ute wa kipimo cha sayansi, hiyo haina hiari. Zipo pia picha zisizoponyeka: ile iliyopigwa pembeni mwa dirisha huku taa ikiwaka, nusu yake buluu na nusu yake chungwa. Ukiponya upande mmoja unauumiza wa pili. Zima taa, upige tena.

Ila tumelifikiri kosa letu kwa miaka kadhaa sasa, na tumeona kwamba kamera ni sehemu yake ndogo. Jani la mahindi lililokosa nitrojeni haliwi la manjano ovyo. Manjano huanzia kwenye ncha ya majani ya chini, yaliyo makongwe, na kurudi nyuma kwa kufuata uti wa kati wa jani, yakiwa na umbo la herufi V. Lililokosa potasiamu huungua kingo zake, nje, na uti wa kati hubaki. Mtu anayejua maumbo hayo angeweza kuyatofautisha majani yetu yote matatu hata katika picha isiyo na rangi yoyote. Jani la kwanza lilikuwa la rangi moja kutoka ncha hadi shina, halina V, halina kingo zilizoungua. Lakini sisi tulimfundisha mwalimu mwanafunzi sentensi fupi, kwamba jani lililokosa nitrojeni huwa la manjano, kwa sababu sentensi fupi huandikika vizuri ubaoni. Naye akawapa watoto sentensi hiyohiyo. Picha mbaya ilikuja kukaa juu ya fundisho pungufu, navyo vikashikana.

Siku ya Alhamisi tulirudi shuleni na picha iliyosahihishwa, pamoja na majani matatu halisi katika mfuko wa karatasi. Tulikwisha kuzungumza na mwalimu mwanafunzi chuoni. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mkufunzi, mimi nilikutazama wewe." Hatukuwa na jibu. Fomu yake tuliiandika upya, na ile sentensi kuhusu mzaha tuliifuta. Darasani yeye mwenyewe aliomba asimame kwanza. Akawaambia watoto kwamba jani la kwanza ni zima, kwamba mwenzao aliona sawa, na akaenda mpaka dawati la pili akalisahihisha daftari mbele ya wote. Kisha akazitundika picha mbili, ya zamani na mpya, akawaachia waseme. Mvulana yule aliitazama picha mpya kwa muda mrefu kuliko wenzake.

"Mwalimu," akauliza, "kile kitambaa mmekifua?"

Mwalimu mwanafunzi akaanzia hapo, na kipindi kizima kikaendeshwa na swali hilo. Yaliyoelezwa humu juu ya taa na hesabu, mengi yake yaliandaliwa kwa haraka usiku wa siku ile ili kumjibu mtoto yule kesho yake.

Nakala za picha ya kwanza zilikuwa tatu. Moja ndiyo hiyo tuliyoitundika kwa kulinganisha, nayo ipo chuoni. Ya pili tuliipata mwezi uliofuata katika shule nyingine na tukaibadilisha. Ya tatu ilikwenda na mwalimu mwanafunzi aliyepangiwa shule ya ng'ambo ya mto. Tulipofika, mazoezi yalikuwa yamekwisha, na tukaambiwa kwamba mwalimu wa darasa aliipenda akaondoka nayo alipohamishwa. Barua tulizoandika hazikuleta jibu. Msomaji atakayeikuta ukutani mahali fulani, majani matatu ya mahindi juu ya kitambaa cha manjano, namba 1 hadi 3 kwa wino mweusi, tunamwomba achukue kalamu aandike chini ya jani la kwanza: zima.